Ethel Waters, Mwimbaji Aliyemkumbuka Mungu

Wako watu wanaowaza moyoni kwamba Mungu hawaoni, kwa sababu wamezaliwa katika umaskini au katika aibu. Hao na wasikie habari za Ethel Waters, mwimbaji mweusi wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Chester. Mama yake alikuwa bado msichana mdogo, tena alikuwa ametendewa jeuri na mwanamume. Kwa hiyo mtoto hakupokewa kwa furaha. Nyanya yake ndiye aliyemlea, akihangaika kila siku kwa kazi za nyumbani mwa watu wengine. Ethel alisoma kwa muda katika shule ya Wakatoliki, na Masista wakamwonyesha upole asiouzoea. Mbegu ile haikufa.

Aliolewa akiwa na miaka 13 tu, na ndoa ile ikavunjika upesi. Akawa mtumishi wa hoteli mjini Philadelphia kwa mshahara wa dola 4.75 kwa juma. Ndipo sauti yake ilipomfungulia njia. Mwaka 1921 nyimbo zake zilianza kutolewa katika santuri. Mwaka 1933 aliimba New York katika Cotton Club, jumba ambamo waimbaji walikuwa weusi, lakini mezani waliketi weupe. Mwaka ule ule alicheza pamoja na weupe katika jumba kubwa la michezo, akaimba uchungu wa mke anayeandaa chakula cha jioni, kumbe mume wake ameuawa na kundi la watu wenye chuki.

Sifa na fedha zikaja, lakini amani haikuja pamoja nazo. Katika miaka ya 1940 kazi zilipungua. Mwaka 1949 akasifiwa sana kwa sinema iitwayo Pinky, ambamo alikuwa nyanya maskini. Mwaka 1950, katika mchezo mwingine, alikuwa mpishi anayemfariji mtoto, akaimba humo wimbo wa dini juu ya shomoro anayeangaliwa na Mungu. Hata kitabu cha maisha yake, cha mwaka 1951, alikipa jina la wimbo huo.

Lakini kumwimba Mungu si sawa na kumpa moyo. Mwaka 1957, akiwa mpweke na mwenye kudaiwa kodi, aliingia katika mikutano ya Billy Graham, mhubiri wa Waprotestanti, mjini New York. Yeye aliyezoea kusimama mbele peke yake akaketi katika kwaya, mmoja kati ya waimbaji wengi wasiojulikana. Tangu hapo akaitoa sauti yake kwa ajili ya Mungu, mpaka uzee na ugonjwa vilipomlemea. Alikufa huko California tarehe 1 Septemba 1977, mwenye miaka 80.

Bwana wetu Yezu alifundisha kwamba Baba hamsahau hata shomoro mmoja. Basi wewe mkatekumeni, usione haya kwa sababu ya kuzaliwa kwako. Tena, Mungu akikupa kipaji, usikatae kuketi nacho pamoja na wenzako.