Semboja

Semboja (alifariki 1895) alikuwa mtawala wa ukoo wa Wakilindi katika Milima ya Usambara, Tanzania ya leo. Alikuwa mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme mashuhuri wa Washambaa. Anakumbukwa hasa kwa kumpindua mfalme halali na kwa kutawala kutoka Mazinde, kijiji cha biashara kwenye tambarare chini ya milima, badala ya mji mkuu wa Vugha.

== Mgogoro wa urithi ==

Kimweri alifariki mwaka 1862 akiwa mzee sana. Mwanawe Mshuza, aliyetazamiwa kumrithi, alikuwa ametangulia kufa, hivyo kiti kilikwenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Kwa desturi mfalme mpya aliwaondoa machifu wa zamani na kuweka watoto wake mwenyewe. Shekulwavu alikuwa kijana asiye na watoto wazima, na machifu wale walikuwa baba zake wadogo na wakubwa. Hakuwa na njia ya kuwaondoa.

Semboja ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Mazinde ilikuwa kwenye njia ya misafara ya Bonde la Pangani, na kwa pembe za ndovu na watumwa alipata bunduki na baruti kutoka pwani. Wafuasi wake hawakushikamana naye kwa sababu ya ukoo wala matambiko ya mvua. Walimfuata kwa nguo, silaha na mgawo wa mateka. Kundi la namna hiyo hudumu iwapo uvamizi unaendelea, na ndivyo ilivyokuwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 alishambulia Vugha akitumia pia wapiganaji kutoka nje ya milima. Shekulwavu alikimbilia mashariki na kufariki muda mfupi baadaye. Semboja hakukaa Vugha: alimweka huko mwanawe Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde karibu na biashara.

== Kiva ==

Kabla ya kufa, Shekulwavu aliwaunga mkono Wabondei waasi dhidi ya machifu Wakilindi waliowatawala. Uasi huo unaitwa Kiva. Chanzo chake si fitina ya wakuu peke yake: Wabondei walikuwa wamechoka kuona jamaa zao wakikamatwa na kuuzwa. Lakini ulipoanza ulilenga ukoo mzima, si waliotenda maovu tu. Wakilindi waliokamatwa waliuawa au kuuzwa utumwani wao wenyewe, na utawala wao Bonde ukakoma. Hata hivyo Wabondei walishirikiana na watoto wa Shekulwavu, nao Wakilindi, kwa kuwa adui yao alikuwa mmoja. Vita kati ya pande hizo viliendelea kwa zaidi ya miaka 20.

Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman alichunguza namna Washambaa walivyoelewa kipindi hiki. Kwao mfalme mmoja mwenye nguvu huponya nchi, kwa Kishambaa ''kuzifya shi''. Wakubwa wawili wanaposhindana huleta ukame na njaa, yaani kuidhuru nchi, ''kubana shi''. Kwa hiyo mkulima aliyetekwa nyara na mkulima aliyekosa mvua waliona chanzo kimoja. Habari nyingi za matukio yenyewe zimo katika ''Habari za Wakilindi'', kitabu cha Kiswahili cha Abdallah bin Hemedi, aliyewafahamu Wakilindi kwa karibu.

== Ujio wa Wajerumani ==

Mwaka 1888, wakati pwani ilipowaka moto chini ya Bushiri bin Salim, wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa Usambara. Mizigo yao iliporwa na watu wa Semboja, na wao wenyewe wakakamatwa na Bushiri walipokuwa wakirudi, hadi fidia ilipolipwa. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Semboja alisoma hali upesi kuliko yeye, akapatana na Wajerumani na kubaki Mazinde hadi kifo chake mwaka 1895.

Kimweri Maguvu alifariki kabla yake. Mputa, mtoto mwingine wa Semboja aliyekalia kiti cha Vugha, alinyongwa na Wajerumani mwaka huohuo wa 1895. Kiti kikapewa Kinyashi, wa nyumba ya Shekulwavu.