Nyanjiru Aliyewasuta Wanaume

Wenzangu, leo nawasimulia habari za Mary Muthoni Nyanjiru, mwenyeji wa Weithaga, Murang'a, aliyekuja kuishi Nairobi. Tarehe 14 Machi 1922 mkoloni alimkamata Harry Thuku, aliyepinga kipande. Tarehe 16 umati ulijaa nje ya kituo cha polisi ukimdai. Viongozi walipowaambia watu warudi makwao, baadhi wakaanza kuondoka. Nyanjiru akainua nguo yake juu, akawasuta wanaume: wachukue rinda lake, wampe suruali zao! Kwa Wakikuyu hilo lilikuwa tusi zito. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru akawa kati ya wa kwanza kufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Sisi vijana wa Eastlands twachongoana ili tuchekane tu. Kumbe kejeli yaweza kumwinua mwoga!