Edsger W. Dijkstra

Edsger Wybe Dijkstra (Rotterdam, 11 Mei 1930 – Nuenen, 6 Agosti 2002) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Uholanzi. Wengi humfahamu kwa algoriti yake ya kutafuta njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 alishughulikia pia swali ambalo watengenezaji wa mifumo endeshi wanalijadili hadi leo: draiva, yaani programu inayosimamia kifaa, iwekwe wapi ndani ya mfumo?

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mwanakemia na mama yake mwanahisabati. Alisomea fizikia ya nadharia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka 1951 alihudhuria kozi ya kuandika programu huko Cambridge, Uingereza, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika Kituo cha Hisabati mjini Amsterdam. Kazi hiyo ilikuwa ngeni mno wakati huo: alipofunga ndoa na Maria Debets mwaka 1957, maafisa hawakukubali kuandika kwamba yeye ni mwanaprogramu, hivyo akaandikishwa kuwa mwanafizikia.

Algoriti ya njia fupi aliibuni mwaka 1956 akiwa amekaa mkahawani, kwa muda wa dakika 20 hivi, bila karatasi wala kalamu. Ilichapishwa mwaka 1959.

Ishara za kukatiza

Mwaka huohuo wa 1959 alipata shahada ya uzamivu. Tasnifu yake ilihusu kompyuta ya Electrologica X1, ambayo vifaa vyake viliweza kukatiza programu inayoendelea ili kutoa taarifa kwamba vimemaliza kazi. Faida yake ni kwamba kompyuta haikai bure ikisubiri kifaa cha polepole. Hatari yake ni kwamba ukatizaji hutokea wakati wowote, na kosa linaloonekana leo huenda lisirudi kesho hata programu ikiendeshwa vilevile. Kosa la namna hiyo halipatikani kwa kujaribujaribu. Dijkstra alisita sana mbele ya jambo hili, na hofu hiyo ndiyo iliyoongoza kazi yake ya baadaye.

Mfumo wa THE

Mwaka 1962 alikuwa profesa wa hisabati katika chuo cha ufundi cha Eindhoven. Huko yeye na kikundi kidogo cha wenzake walitengeneza mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta ya Electrologica X8. Mfumo huo unaitwa THE, kutokana na herufi za mwanzo za jina la chuo kwa Kiholanzi.

Kumbukumbu kuu ya X8 ilikuwa na maneno 32,000 tu. Nyuma yake kulikuwa na ngoma ya sumaku iliyohifadhi maneno 512,000. Vilikuwepo pia visomaji na vitoboa vya utepe wa karatasi, mashine ya kuchapa, na teleprinta ambayo mwendeshaji aliitumia kuzungumza na mfumo.

Dijkstra aliupanga mfumo kwa matabaka. Kila tabaka liliruhusiwa kutegemea yaliyo chini yake tu. Tabaka 0 liligawa muda wa prosesa, la 1 lilisimamia ngoma, la 2 teleprinta, la 3 vifaa vingine vya kuingiza na kutoa data. Programu za watumiaji zilikuwa juu ya hayo.

Tunaona hapa kwamba madraiva hayakukaa pamoja. Msimamizi wa utepe aliwekwa juu ya teleprinta kwa sababu kifaa kikiharibika lazima mwendeshaji aambiwe. Nayo teleprinta iliwekwa juu ya ngoma kwa sababu msamiati wa mazungumzo ulikuwa mkubwa mno kwa kumbukumbu kuu, ukahitaji kuhifadhiwa kwenye ngoma. Gharama yake iko wazi: msimamizi wa ngoma hakuweza kuzungumza na mwendeshaji, maana angetegemea tabaka lililo juu yake.

Michakato ilisubiriana kwa njia ya semafori, ambazo pia ni ubunifu wa Dijkstra. Kwa kuwa kila tabaka lilihakikiwa kabla ya kuongeza lingine, majaribio yalionyesha makosa madogo tu ya uandishi, takriban moja kwa kila amri 500. Maelezo ya mfumo yalichapishwa mwaka 1968.

Ubishi haukuisha. Mwaka 1992 Andrew Tanenbaum na Linus Torvalds walibishana hadharani kuhusu ukubwa wa kerneli. Katika Linux madraiva mengi huendeshwa ndani ya kerneli, na hivyo draiva moja mbovu yaweza kuangusha mfumo mzima; katika MINIX 3 huendeshwa nje yake.

Miaka ya baadaye

Dijkstra alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1972. Kuanzia mwaka 1973 alifanya kazi na kampuni ya Burroughs, kisha kuanzia 1984 hadi 1999 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Marekani. Ajabu ni kwamba mtu huyu wa kompyuta aliandika makala zake nyingi kwa mkono, kwa kalamu ya wino. Zilinakiliwa na kupitishwa kwa wenzake, na zilizidi 1,300.

Alifariki kwa kansa nyumbani kwake Nuenen. Tangu mwaka 2003 tuzo ya kila mwaka kuhusu mifumo ya kompyuta nyingi zinazoshirikiana hutolewa kwa jina lake.