Karen Blixen: Mkulima wa kahawa aliyechora nyuso za Ngong

KABLA ya ulimwengu kumtambua kama mwandishi, Karen Blixen alitamani kuwa mchoraji. Picha chache za rangi ya mafuta alizochora karibu na vilima vya Ngong, vilivyomo leo katika Kaunti ya Kajiado, ni ushahidi wa ndoto hiyo.

Alizaliwa Rungsted, Denmark, Aprili 17, 1885. Babake alijiua mwaka wa 1895, naye akalelewa na mamake. Mwaka wa 1903 alijiunga na Chuo cha Kifalme cha Sanaa jijini Copenhagen, ambako wanawake walikuwa wametengewa shule yao tangu 1888. Katika mafunzo ya aina hiyo, mwanafunzi hakukabidhiwa rangi mara moja. Alianza kwa mkaa na karatasi, akinakili sanamu za plasta hadi alipofahamu jinsi mwanga unavyoangukia paji la uso na kivuli kinavyojificha chini ya kidevu. Rangi ya mafuta ilifuata baadaye. Kwa kuwa hukauka polepole, humruhusu mchoraji kulainisha mpaka wa mwanga na kivuli. Baada ya miaka michache, Karen aliacha masomo hayo.

Januari 1914 alitua Mombasa, akaolewa na Bror Blixen na kuhamia shamba la kahawa. Vita vilipozuka mwaka huo, alisindikiza magari ya ng'ombe yenye mahitaji ya jeshi katika nchi ya Wamaasai, inayoenea kusini hadi Loitokitok.

Shambani aliishika tena brashi. Alimchora Abdullahi, kijana Msomali aliyehudumu nyumbani kwake, msichana Mkikuyu na mzee Mkikuyu. Plasta nyeupe haikumfundisha mwanga wa ngozi nyeusi. Ilimlazimu kuutafuta usoni mwa aliyeketi mbele yake. Wakoloni waliwahesabu Waafrika kama vibarua, na Wakikuyu waliishi kama maskwota katika shamba lilelile la mchoraji. Hata hivyo, turubai ilimpa kila mmoja uso wake na heshima yake.

Kahawa haikustawi kwenye mwinuko ule, na mwaka wa 1931 shamba liliuzwa. Karen alirejea Denmark, akawa mwandishi, akafariki Septemba 7, 1962.

Nyumba yake, katika mtaa wa Karen jijini Nairobi, ilifunguliwa kama makavazi mwaka wa 1986. Picha zenyewe zimehifadhiwa Rungsted, mbali na vilima walikoishi wenye nyuso hizo.