Madam C.J. Walker: Dobi aliyekoroga mafuta ya nywele hadi akawa tajiri

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA katika maduka ya vipodozi ya Kariakoo utakuta makopo ya mafuta ya nywele yamepangwa hadi karibu na dari, kila moja likiahidi kukuza nywele na kuondoa mba. Ni wanunuzi wachache wanaofahamu kwamba miongoni mwa watu walioijenga biashara hii ni mwanamke mweusi wa Marekani ambaye, hadi alipokaribia umri wa miaka 40, alikuwa akifua nguo za watu ili apate mlo wa siku.

Dunia inamjua kwa jina la Madam C.J. Walker. Wazazi wake, Owen na Minerva Breedlove, walimwita Sarah. Alizaliwa Desemba 23, 1867, katika kijiji cha Delta, jimbo la Louisiana, kwenye shamba la pamba ambako wazazi hao walikuwa wametumikishwa kama watumwa. Katika familia yake yeye ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa huru.

Uhuru huo haukuja na chakula. Kabla Sarah hajafikisha miaka minane, mama na baba walikuwa wamekwisha kufariki dunia. Akachukuliwa na dada yake, Louvenia, wakavuka mto Mississippi na kwenda kuishi mjini Vicksburg, ambako mtoto huyo alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Shemeji yake alikuwa mkatili. Ili aukimbie mkono wake, Sarah aliolewa akiwa na miaka 14 na kijana aliyeitwa Moses McWilliams. Mwaka 1885 akamzaa binti, Lelia, ambaye ndiye mtoto pekee aliyepata kuwa naye. Alipokuwa hajatimiza hata miaka 21, mumewe akafariki.

Mjane huyo alimbeba mwanawe hadi jiji la St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Kazi aliyoipata ni udobi. Siku nzima alikuwa ameinamia pipa la maji ya moto, mvuke ukimpiga usoni, mikono ikichubuliwa na sabuni ya magadi makali, na malipo yake yalikuwa kama dola moja na nusu kwa siku. Kwa fedha hizo alimsomesha Lelia. Aliolewa tena, na bwana mmoja aliyeitwa John Davis, lakini ndoa hiyo haikumpa raha yoyote na ikavunjika.

Ni katika miaka hiyo ya udobi ndipo nywele zake zilipoanza kunyonyoka.

Tatizo hilo halikuwa lake peke yake. Wanawake wengi maskini wa zama zile, weusi kwa weupe, walikuwa wakipoteza nywele. Nyumba zao hazikuwa na maji ya bomba. Kuosha kichwa kulimaanisha kuteka maji, kuyabeba na kuyachemsha, kwa hiyo watu wengi walikaa wiki kadhaa bila kuosha, na majira ya baridi muda huo ulirefuka zaidi. Sabuni waliyokuwa nayo ilikuwa ile ile kali ya kufulia. Mba ukarundikana, ngozi ya kichwa ikatoka vidonda, nywele zikakatika kuanzia kwenye mizizi. Lishe duni nayo ikaongezea ubaya.

Mwanamume asiyejali mambo ya urembo anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Kwa Sarah halikuwa dogo hata kidogo. Kila Jumapili aliketi katika kanisa la Wamethodisti weusi pamoja na wanawake waliosoma, waliovaa vizuri na kutengeneza nywele zao, naye amefunga kitambaa kuficha mabaka ya upara. Alihesabiwa kuwa dobi kabla hajafungua kinywa.

Katika jiji hilo hilo alikuwapo mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Annie Malone. Alikuwa ametengeneza dawa yake ya nywele na alikuwa akiiuza nyumba kwa nyumba kupitia wanawake aliowafundisha. Sarah aliitumia dawa hiyo, kisha akawa mmoja wa wauzaji wake. Mwaka 1905 alihamia Denver, jimbo la Colorado, akiwa na akiba ya dola moja na nusu tu. Huko alifanya kazi ya upishi huku akiuza bidhaa za Turnbo, na kwa wakati wake wa ziada akaanza kukoroga mchanganyiko wake mwenyewe.

Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyezijua vizuri kazi za matangazo ya magazeti. Kutoka kwake alipata jina la biashara, akaliongezea neno Madam mbele, na kopo lenye picha yake likaingia sokoni kwa bei ya senti 50.

Ndani ya kopo hilo kulikuwa na nini? Orodha yenyewe haishangazi. Kulikuwa na mafuta mazito ya mgando, nta ya nyuki ya kuyashikisha, mafuta ya nazi ya kuyalainisha, salfa ambayo wazee wetu huiita kiberiti upele, mrututu kidogo, tindikali ya karboliki ya kuua vijidudu, na manukato ya maua ya urujuani ya kuficha harufu ya salfa. Vitu hivyo vilipatikana kwa bei nafuu katika maduka ya dawa ya siku hizo. (Msomaji asikimbilie kuviiga vyote: mrututu na karboliki ni sumu, na si vitu vya kuchezea jikoni.)

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba fomula ilimjia usingizini, kwamba mtu mkubwa mweusi kutoka Afrika alimtokea katika ndoto na kumtajia viungo, vingine vikiwa vinaota Afrika. Simulizi hiyo iliuza makopo mengi. Lakini salfa ilikuwa ikitibu magonjwa ya ngozi karne nyingi kabla yake, na Turnbo naye alikuwa na mchanganyiko unaofanana na huo. Turnbo alikasirika, akawatahadharisha wateja kupitia magazeti dhidi ya bidhaa za kuiga, na uhasama wa wanawake hao wawili haukwisha. Kwa maoni ya mwandishi huyu, Walker alimnyima mwalimu wake haki ya kutajwa. Hata leo wengi wanamjua mmoja na kumsahau mwingine.

Hata hivyo, siri ya Walker ilikuwa katika utaratibu zaidi kuliko katika kopo. Aliwafundisha wanawake kuosha kichwa mara kwa mara kwa shampuu laini, jambo ambalo halikuwa desturi, kisha kuipaka ngozi ya kichwa dawa, kuisugua na kuzipiga nywele brashi. Salfa iliondoa mba na maambukizi, mafuta yakazuia ukavu, na ngozi ilipopona nywele zikaota zenyewe. Kwa maneno mengine, dawa iliyoitwa ya kukuza nywele kazi yake ilikuwa kuondoa kilichozizuia.

Utaratibu huo ulimalizika kwa kichana cha chuma kilichopashwa moto. Wengi husema Walker ndiye aliyekivumbua. Si kweli, kilikuwapo kabla yake. Lakini alikieneza, na hapo ndipo lawama zilipomwangukia. Baadhi ya viongozi weusi, wakiwamo wachungaji, walimshutumu kwa kuwafanya wanawake wa rangi yao watamani nywele za Wazungu. Yeye alikana na kusema kwamba shabaha yake ni afya ya nywele. Mjadala huo unaendelea hadi leo katika saluni na vibarazani, na si rahisi kumsafisha moja kwa moja, maana kichana kile kilikuwa sehemu ya mafunzo yake.

Biashara ilikua kwa kasi. Mwaka 1908 alifungua chuo mjini Pittsburgh na kukipa jina la binti yake. Mwaka 1910 akahamia Indianapolis, akajenga kiwanda, na mwaka uliofuata kampuni ikasajiliwa. Mawakala wake, ambao kampuni ilidai kuwa wamefika maelfu, walikuwa wanawake ambao vinginevyo wangebaki jikoni kwa watu au kwenye mapipa ya kufulia kama yeye. Walivaa vizuri, walibeba mikoba yao, na walipata fedha zao wenyewe.

Wanaume hawakumpokea kwa urahisi. Mwaka 1912, katika mkutano wa umoja wa wafanyabiashara weusi uliofanyika Chicago, mwenyekiti Booker T. Washington alikataa kumpa nafasi ya kuzungumza. Siku ya mwisho Walker aliinuka bila kuitwa na kuueleza mkutano mzima jinsi alivyotoka kwenye mashamba ya pamba hadi kujenga kiwanda kwenye ardhi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata alialikwa kama msemaji.

Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake zaidi ya 200 mjini Philadelphia. Alitoa zawadi kwa waliouza zaidi, na pia kwa waliochangia zaidi misaada katika miji yao. Mwaka huo huo, baada ya watu weusi kuuawa katika ghasia za East St. Louis, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Harlem waliokwenda Ikulu ya Marekani kudai sheria dhidi ya mauaji ya wenye hasira kali. Rais Woodrow Wilson hakuwapokea.

Mwaka 1918 alihamia katika jumba lake la Villa Lewaro, huko Irvington, kando ya mto Hudson, lililosanifiwa na Vertner Tandy, msanifu majengo mweusi. Hakulifaidi kwa muda mrefu. Shinikizo la damu na figo vilikuwa vimemwelemea, na madaktari walimsihi apumzike, ushauri ambao hakuufuata. Alifariki dunia Mei 25, 1919, akiwa na miaka 51. Muda mfupi kabla ya kifo chake aliahidi dola 5,000 kwa kampeni ya chama cha NAACP dhidi ya mauaji hayo, na wosia wake ulielekeza theluthi mbili za faida ya baadaye ya kampuni ziende kwenye misaada.

Lelia, ambaye baadaye alibadili jina na kujiita A'Lelia, alirithi jumba na kampuni. Alifariki mwaka 1931, nalo jumba likauzwa na kwa miaka mingi likawa makazi ya wazee. Mwaka 2018 lilinunuliwa kwa niaba ya familia ya Richelieu Dennis, mfanyabiashara mzaliwa wa Liberia, ambaye utajiri wake nao ulianza na sabuni na mafuta ya nywele yaliyotengenezwa kwa mikono, kwa kufuata maelekezo ya bibi yake.