Maisha ya Jagadish Chandra Bose

Kila tunapofundishwa habari za redio, jina la Marconi halikosi kutajwa. Lakini liko jina jingine ambalo wengi wetu hatujapata kulisikia, nalo ni la Jagadish Chandra Bose, mtu wa Bengal katika Bara Hindi. Napenda kuwaeleza habari zake, kwa sababu mawimbi aliyoyachunguza yeye zaidi ya miaka mia moja iliyopita ndiyo yale yale wanayoshughulika nayo mafundi wa simu hivi leo.

Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858, katika sehemu ya Bengal ambayo sasa ni nchi ya Bangladesh. Baba yake alikuwa mtumishi wa cheo katika serikali ya Kiingereza. Watu wa cheo chake walikuwa wakiwapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza, lakini yeye alimtia mwanawe kwanza katika shule iliyofundisha kwa Kibengali, ili aijue lugha yake na watu wake kabla ya kujifunza ya wageni. Huko Bose aliketi pamoja na watoto wa wavuvi na wa wakulima, akasikia kwao habari nyingi za wanyama na samaki. Baadaye aliingia shule ya Mapadre Wajesuiti mjini Calcutta. Padre Lafont, aliyefundisha kwa kuwaonyesha wanafunzi majaribio, ndiye aliyemtia hamu ya elimu ya fizikia.

Mwaka 1880 alisafiri kwenda Uingereza kusomea udaktari, lakini maradhi yalimlazimisha kuacha. Hakukata tamaa. Aliingia chuo cha Cambridge, akafundishwa na mtaalamu mashuhuri Lord Rayleigh, na mwaka 1884 akapata shahada yake.

Aliporudi kwao mwaka 1885 aliajiriwa kufundisha katika Presidency College ya Calcutta. Hapo alikutana na jambo la kuumiza moyo. Wakati huo mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili tu ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi ile ile, na kwa kuwa kazi ya Bose ilikuwa ya muda, alipunguziwa tena. Bose hakugoma wala hakutukana mtu. Alifundisha kila siku kwa bidii, lakini alikataa kupokea hata rupia moja ya mshahara ule. Alifanya hivyo kwa miaka 3, na huku baba yake ana madeni! Mwishowe wakubwa waliona haya, wakamlipa mshahara kamili tangu siku ya kwanza. Fedha hizo zilimsaidia kulipa madeni ya baba yake.

Mwaka 1894 alianza uchunguzi wake. Chuo hakikuwa na maabara ya kumpa, akapata kijichumba karibu na bafu. Msaidizi wake alikuwa fundi bati asiye na elimu ya sayansi, ambaye Bose alimfundisha mwenyewe. Heinrich Hertz wa Ujerumani alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba mawimbi ya umeme yapo, lakini yake yalikuwa marefu mno. Bose alifikiri kwamba mawimbi marefu yanataka vyombo vikubwa, na yeye nafasi hana. Basi akatengeneza mawimbi mafupi, mengine ya milimita 5 tu. Kwa hayo aliweza kuonyesha juu ya meza kwamba mawimbi ya umeme huakisiwa na kupindwa kama mwanga. Alitumia hata nyuzi za juti zilizosokotwa, na kitabu cha nyakati za treni. Kitabu kikishikwa upande mmoja mawimbi yalipita, kikigeuzwa yakazuiwa.

Mwaka 1895, mbele ya watu mjini Calcutta, alipiga kengele na kuwasha baruti kwa mbali bila waya. Januari 1897 alialikwa London kuwaonyesha wataalamu vyombo vyake. Wengine walitajirika kwa redio, lakini Bose hakupenda kufanya elimu kuwa biashara. Rafiki zake walipomsihi sana, aliomba hati ya haki kwa chombo chake cha kupokelea mawimbi, kilichotumia jiwe la galena. Alipewa hati hiyo Marekani mwaka 1904.

Baadaye aligeukia maisha ya mimea. Mwaka 1917 alifungua chuo chake cha uchunguzi mjini Calcutta, akafariki tarehe 23 Novemba 1937.

Je, mawimbi yake yamefikia wapi? Yalikaa miaka mingi bila kutumiwa sana na watu wa kawaida. Sasa mafundi wameyarudia, kwa kuwa mawimbi ya milimita huweza kuchukua habari nyingi sana kwa mara moja. Shida huanza ndani ya nyumba. Ukuta wa matofali au zege huyazuia, na hata mtu akikatiza kati ya mtambo na simu huyadhoofisha. Lakini ukutani pia huruka, kama mwanga kwenye kioo, na mafundi hupanga antena ndogo nyingi ili kuyaelekeza mahali yanapotakiwa. Mitambo mingine ya chumbani hutumia mawimbi ya milimita 5, urefu ule ule wa Bose. Mwaka 2012 chama cha wahandisi cha IEEE kilitambua rasmi kazi yake ya miaka ile ya Calcutta.

Wenzangu, mara nyingi tunalalamika kwamba maabara yetu ni ndogo na vyombo havitoshi. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini tukumbuke kwamba udogo wa kile chumba ndio uliomfanya Bose atafute mawimbi mafupi. Tena tukumbuke miaka ile 3. Alidai haki yake bila kuwanyima wanafunzi wake somo hata siku moja. Mvumilivu hula mbivu, hata kama nyingine huiva baada ya yeye kuondoka.