Shosho aliyetembea kilomita 3,300 na raba, kisha akairudia njia kipande kwa kipande

Si unajua ile safari ambayo kila mwaka unasema utaifanya ukipata pesa, likizo ndefu na watu wa kwenda nao? Kabla hujaiahirisha tena, hebu kutana na Emma Gatewood.

Alizaliwa Oktoba 25, 1887, katika familia ya wakulima huko Ohio, Marekani. Nyumbani kwao walikuwa watoto 15. Shule aliishia darasa la nane, na akiwa na miaka 19 akaolewa. Mume huyo alimpiga kwa miaka na mikaka, hadi akamvunja meno. Mambo yalipozidi, Emma alikuwa akikimbilia msituni, mahali pekee alipopata utulivu. Talaka aliipata mwaka 1941, baada ya kuzaa watoto 11.

Kumbuka hapo kwa msitu, maana ndipo hadithi yenyewe inaanzia.

Siku moja Emma alisoma jaridani kuhusu Appalachian Trail, njia ya miguu inayopita milimani mashariki mwa Marekani kutoka Georgia hadi Maine, katika majimbo 14. Makala yaliifanya ionekane rahisi. Mwaka 1954 akaenda kujaribu akianzia Maine. Wapi! Alipotea, miwani ikavunjika, na walinzi wa msitu walipompata wakamshauri arudi kwake. Alikuwa na miaka 66.

Ungekuwa wewe ungerudi tena? Yeye alirudi. Mei 3, 1955, alianza upya, safari hii kutoka Georgia. Wanawe aliwaambia tu ati anaenda kutembea, wala hakusema ni wapi.

Na kama unadhani lazima kwanza ununue vifaa vya bei ghali, sikiliza mzigo wake: begi la kitambaa cha jinzi alilolishona mwenyewe akalibeba begani, blanketi, koti la mvua na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua. Hema hakuwa nalo. Miguuni alivaa raba za kawaida, akamaliza jozi kadhaa. Alikula soseji za mkebe, njugu, zabibu kavu na mimea aliyoijua tangu utotoni. Usiku wa baridi alipasha mawe motoni, akayalalia.

Mwezi Agosti mvua za vimbunga zilifurisha mito. Kwenye mto mmoja huko Vermont, vijana wawili waliowahi kuwa wanamaji walijifunga kamba pamoja naye, wakamweka katikati, wakavuka. Septemba 25, baada ya siku 146 na kama kilomita 3,300, alifika kilele cha Mlima Katahdin kule Maine. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuitembea njia yote peke yake kwa msimu mmoja. Mwaka 1957 aliirudia yote.

Lakini sasa umaarufu ulikuwa umemfuata. Mwaka 1959 alitembea kutoka Missouri hadi Portland, Oregon, kama kilomita 3,200, akifuata njia ya wahamiaji wa zamani. Barabarani watu walimsimamisha, wapigapicha wakamwandama, na Portland umati mkubwa ukajitokeza kumlaki. Fikiria mtu aliyezoea kutafuta utulivu msituni!

Sasa njoo kwa ile safari ambayo watu huitaja kwa haraka tu. Emma aliimaliza Appalachian Trail mara ya tatu mwaka 1964, umri ukiwa umepita miaka 75. Mara hii hakuifululiza. Alitembea kipande, akarudi nyumbani, akaenda tena kutembea kingine, hadi vyote vikatimia. Akawa mtu wa kwanza kuikamilisha mara tatu, na hakuna aliyesema ile ya tatu haihesabiki. Hata leo, shirika linalosimamia njia hiyo humtambua aliyeitembea vipande vipande kwa miaka mingi sawa na aliyeimaliza kwa mpigo mmoja.

Faida si kupumzika tu. Siku hizi wengi wanaotaka kuimaliza kwa msimu mmoja huanzia Georgia kati ya Machi na Aprili, kwa hivyo vibanda vya kulala hujaa na njia inachakaa. Shirika lenyewe huwashauri wengine waanzie katikati, kwa mfano Harpers Ferry, West Virginia. Lakini anayetembea kwa vipande ana uhuru zaidi. Anachagua kipande ambacho mwezi huo hakina watu, anakwenda katikati ya wiki, anaanza pale barabara inapokatiza njia na kumalizia barabara inayofuata. Kisha anatia alama kwenye ramani na kurudi kazini. Mwaka ujao anaanzia alama ilipo, au hata upande wa pili kabisa.

Emma alifariki Juni 4, 1973, akiwa na miaka 85. Kule Hocking Hills, Ohio, kuna njia ya kama kilomita 10 yenye jina lake, aliyokuwa akiwaongoza watu kuitembea kila Januari. Matembezi hayo bado yapo, na siku hiyo maelfu hujitokeza. Ukitaka kuiona njia hiyo jinsi yeye alivyoupenda msitu, chagua siku nyingine.

Na kama wewe uko Nairobi na umechoka kusukumana Ngong Hills kila Jumamosi, ni hayo hayo tu. Usingoje likizo ya miezi mitano. Chukua ramani, chagua kipande kimoja na siku ambayo wengi wako kazini. Uwaambie wa nyumbani unakoenda lakini. Hapo tu ndipo usimuige shosho.